Sura ya Tisa: Mjerumani wa Kutembelea Kila Siku

Brightson alikuwa muuzaji wa aina ile ambayo ukimuuliza kama gari linavuja oili, atakujibu kwamba viti vyake ni vya ngozi.

"Ngozi tupu, dada," alisema, akipapasa mlango wa lile gari la bluu iliyoiva. "Halafu turbo. Likichanganya hapo Barabara ya Kilwa, Mjapani yeyote unamwona kwenye kioo tu."

"Mie nataka la kwenda kazini na kurudi," Demetria alisema. "La kila siku. Kinondoni mpaka Kurasini, na matuta yote hayo."

"Hili ndilo lenyewe. Matuta huyasikii."

Inspekta Demetria aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amevaa gauni la kitenge na viatu vya wazi, pochi kwapani, na hakuna mtu katika yadi ile ya Temeke ambaye angemdhania kuwa ni askari. Alilizunguka gari polepole kama mnunuzi, akapiga tairi teke moja bila sababu, kwa kuwa wanunuzi wote hupiga tairi teke. Alichokuwa anakitazama ni vioo vya pembeni. Mwenye gari, kama wenye magari wengi wa mjini, alikuwa amechonga namba ya usajili kwenye kila kioo ili wezi wakose cha kuuza. Kioo cha kulia kilikuwa na namba. Cha kushoto kilikuwa kipya, hakina hata mkwaruzo.

Cha kushoto cha mwanzo, chenye namba, kilikuwa kituoni, kwenye kabati la vielelezo, ndani ya mfuko wa plastiki. Kiliokotwa Kurasini, barabarani, hatua chache kutoka mahali alipolala Rukaiya.

Rukaiya alikuwa akiuza chai na chapati kwa wapakiaji na madereva wa malori. Alfajiri moja alikuwa anavuka na jiko lake, gari likamgonga. Mlinzi wa yadi ya makontena aliona yote. Alieleza kwamba gari lilikuja likipiga mluzi mwembamba, likagonga, likasimama. Dereva hakushuka. Gari liliunguruma palepale kwa muda, taa zikimmulika mama wa watu aliyelala, halafu likaondoka taratibu, wala si kwa kukimbia. Daktari aliandika kwamba angewahishwa hospitali angepona.

Namba ya kwenye kioo iliwapeleka polisi kwa Gozbert, wakala wa forodha, ambaye siku hiyo alikuwa Tunduma kikazi. Gozbert akawaelekeza kwa dereva wake, Albano. Albano akakamatwa, akawekwa mahabusu, na jalada likafungwa haraka kama mlango unaosukumwa na upepo. Mpelelezi wa kwanza alihamishiwa Songea, na kesi ikamwangukia Demetria ikiwa imebakiza kusomwa mahakamani Jumatatu. Polisi walipomrudishia, Gozbert alikwishalichoka gari lenye mkosi. Alilileta yadi, akaacha funguo, akasema liuzwe kwa yeyote. Mnunuzi wa Mbeya alikuwa njiani na angelichukua kesho yake.

Albano alikuwa na maelezo ya aina moja tu, na hakuyabadilisha tangu siku ya kwanza. Jioni ya kuamkia ajali aliliacha gari na funguo zake kwa Khalfani, mwosha magari wa palepale kando ya yadi ya Brightson, kwa sababu bosi amesafiri na kwake Ukonga hakuna pa kuegesha. Khalfani naye alisema Albano alilichukua jioni ileile. Yeye, alieleza, huosha magari kwa nje na ndani, lakini usukani wa gari lile hajawahi kuukalia. Neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mtu mwingine, na mwenye kazi ya kuendesha ndiye aliyekuwa ndani.

Lakini Demetria alipokwenda kumwona, Albano, akikohoa na shati likimpwaya, alimwambia jambo ambalo halikuandikwa popote.

"Afande, gari lile lina swichi ya siri. Peleka mkono pale pa kufungulia boneti, halafu kidole juu, nyuma ya plastiki. Ikizimwa, stata itazunguka mpaka betri ife, haliwaki. Tunaoijua ni mie na bosi. Na Khalfani, maana jioni ile nilimwonyesha, asije akashindwa kulisogeza."

Nje ya geti la mahabusu, mke wake, Tunu, alikuwa amesimama na hotipoti. Tunu alikuwa pia akija kituoni kila asubuhi, anakaa kwenye benchi, hamuulizi mtu neno. Demetria alikuwa amefika mahali pa kupitia mlango wa nyuma ili asimwone.

Mtego ulikuwa mwepesi. Dakika chache kabla, alipoomba kukaa kwenye usukani "nione kama miguu inafika," Demetria alipeleka kidole juu, akaizima swichi. Sasa kilichobaki ni kumfanya Khalfani aliwashe. Akiliwasha, uongo wake umekwisha, na Albano anaweza kurudi kwake Ukonga. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chipsi, konstebo aliyevaa kiraia alikuwa anangoja ishara. Demetria angejifunga upya kilemba chake, yeye angevuka.

"Namsubiri fundi wangu tu," alimwambia Brightson.

"Haina shida, dada. Gari bila fundi halinunuliwi."

Fundi wake alikuwa kaka yake. Mwanamke anayenunua gari peke yake huko yadi hushangaza watu, na Leodegar alikuwa na gereji Tandika, bingwa wa magari ya Ulaya, mvi kichwani na oili kwenye kucha tangu Demetria anapata akili. Wazazi wao walipofariki Muleba, Leodegar aliacha shule, akaja Dar kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akamsomesha mdogo wake mpaka chuo. Demetria hakuwa akizungumzia kazi nyumbani, na kwenye simu hakumwambia ni gari gani. Alimwambia tu kwamba amepata Mjerumani wa turbo na anataka macho yake. Leodegar akasema, "Tafuta Mjapani, Deme. Utanishukuru." Lakini alikuja.

Aliingia getini, akaliona gari, akasimama. Halafu akaomba maji ya kunywa.

"Shikamoo mzee," Brightson alisema, akikimbilia chupa.

"Marahaba."

Demetria alimtazama. Kaka yake alikuwa amekonda mwezi ule, na Demetria alikuwa amemwambia akapime sukari. "Vipi, kaka?"

"Jua tu. Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Si la kwako hili." Alisema hivyo akiwa bado hatua kumi kutoka kwenye gari. "Unataka la kila siku. Hili ni la mtu mwenye magari mawili, moja la kutembelea na hili la kulitazama. Turbo inataka oili yake maalumu, si ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Ukifika nyumbani huzimi hapohapo, unaliacha kidogo ipoe, ukizima na moto wake inaungua. Utakumbuka kila siku? Na foleni za huku, unakanyaga, linanyamaza, unakanyaga tena, halafu ghafla linakurusha. Hujui limekusudia nini. Na joto. Walishaitoa na thamostati, ile ya kuongoza maji ya kupoza injini."

"Mzee hutaki tufanye biashara," Brightson alicheka kwa uchungu.

Khalfani alitokea wakati huo, ndoo mkononi, mwanamume wa miaka thelathini hivi mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. "Shikamoo mama," alimwambia Demetria, kwa adabu kabisa. Demetria akaitikia. Akasubiri salamu ya pili, kwa mzee mwenye mvi aliyesimama kando yake. Haikuja. Khalfani aliinama akaanza kukamua tambara ambalo lilikuwa kavu.

Demetria aliliona hilo, akalielewa vibaya. Alidhani Khalfani amenusa askari, akili imemruka, amesahau adabu. Alikuwa amemkodolea macho huyu mmoja tangu asubuhi na hakuwa na macho mengine ya kumtazama mtu wa pili.

"Hebu tusikie injini," alisema. "Brightson, mwambie huyu ndugu atuwashie. Mie na kaka tusikilize kwa nje."

Brightson alirusha funguo. Khalfani alizidaka, akazitazama kiganjani.

"Mie si dereva, bosi."

"Kuwasha tu, Khalfani, usitutie aibu."

Khalfani alikaa mguu mmoja nje. Stata ilizunguka, ikazunguka, gari likakohoa bila kuwaka. Alijaribu tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye goti, na ulibaki kwenye goti. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso.

"Betri," alisema, akishuka. "Au mafuta yameisha. Mie sijui magari."

Basi. Khalfani hakuingia mtegoni, ama kwa kutojua ama kwa kujua mno, na mbele ya hakimu yote mawili yalikuwa sawa. Kesho gari lingekuwa Mbeya. Jumatatu Albano angesimama kizimbani na maelezo yake yaleyale. Alifikiria benchi la kituoni, na hakuwa na jambo jingine la kujaribu. Hakuwa na hata uongo wa kumpa Tunu.

"Jana liliwaka vizuri tu," Brightson alikuwa analalamika. Akakaa yeye kwenye usukani. Akawasha. Akawasha tena. "Wallahi jana liliwaka."

"Mtaiua betri," Leodegar alisema. Alikuwa na sauti ya mtu anayetaka kwenda nyumbani. "Toka, toka hapo."

Brightson alitoka. Leodegar alikaa, mkono wa kulia ukawa kwenye funguo, wa kushoto chini, pale pa kufungulia boneti. Alikuwa akimwambia Demetria kitu, kwamba hata likiwaka asilichukue, kwamba kuna Mjapani mmoja safi wa mwalimu pale Tandika. Kidole chake kilikwenda juu, nyuma ya plastiki. Hakukitazama. Gari liliwaka.

Mluzi wa turbo ulipanda, mwembamba, ukashuka.

"Umeona!" Brightson alisema. "Fundi ni fundi."

Khalfani alikuwa ameacha ndoo. Alimtazama Leodegar kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyeteleza juu ya paa. Leodegar alikuwa bado anaongea juu ya Mjapani wa mwalimu. Kisha naye akakiona kidole chake mwenyewe, kule kilikokuwa, akakivuta.

Demetria alitakiwa kujifunga upya kilemba. Konstebo alikuwa anamtazama, kipande cha chipsi kikiwa njiani kwenda mdomoni. Mkono wa Demetria haukuinuka. Alijiona hauinuki, akajichukia, na bado haukuinuka.

"Kaka, hama upande wa pili," alisema. "Nataka kulijaribu barabarani."

Brightson alitaka kupanda nyuma. Demetria alimwachia kitambulisho chake cha taifa kuwa dhamana, akatoka na gari getini. Kwenye kioo cha kulia, chenye namba, alimwona Khalfani amesimama palepale.

Walikwenda mpaka Barabara ya Kilwa. Gari lilikuwa zuri, Brightson hakudanganya. Matuta hukuyasikia. Demetria alikanyaga mafuta kupita lori, gari likanyamaza. Akaongeza. Likarukia mbele kwa nguvu hivi kwamba alilazimika kushika breki, na moyo wake ukabaki nyuma.

"Ndivyo lilivyofanya?" aliuliza.

Leodegar alitazama dirishani.

"Thamostati, kaka. Umesema imetolewa. Boneti ilikuwa imefungwa, injini ya baridi. Hata jicho hujalitia."

"Magari mengi ya huku wameshatoa."

"Khalfani anampa kila mtu shikamoo. Wewe mwenye mvi hakukupa. Watu wanaojifanya hawajuani husahau kwamba hata usiyemjua husalimiwa." Sauti yake ilikuwa ya kazini, na alishukuru kuwa nayo, maana hakuwa na nyingine. "Na swichi. Wanaoijua ni wanne, Leo. Mmoja ni mimi, na nimeijua juzi. Wa pili alikuwa Tunduma. Wa tatu yuko mahabusu. Wa nne ni Khalfani. Sasa nakuuliza. Nakuuliza kama mdogo wako, halafu itabidi nikuulize tena kama mtu mwingine. Nani alikuonyesha?"

Walipita mizani, wakapita foleni ya malori ya makontena. Leodegar alikuwa anazungusha pete yake ya ndoa kwenye kidole kilichokonda.

"Khalfani. Huniletea wateja. Alinipigia usiku," alisema mwishowe. "Alilisogeza, taa ya joto ikawaka, akaogopa ataambiwa yeye ndiye kaliharibu. Akasema njoo, litazame, kabla mwenyewe hajalifuata, akanionyesha na swichi. Nikatoa thamostati. Mie mwenyewe ninayewacheka wengine. Joto likashuka. Lakini gari huwezi kumrudishia mtu bila kulijaribu, Deme. Nililitoa alfajiri, barabara nyeupe, nirudi. Nilikanyaga, likanyamaza. Nikaongeza. Yeye alikuwa na jiko."

"Alikuwa mzima?"

Leodegar alishusha kioo nusu, akakipandisha.

"Leo. Mlinzi anasema ulisimama. Alikuwa mzima?"

"Alikuwa anatazama taa. Nilishika kitasa cha mlango. Nilikishika kabisa. Nikasema nafungua, nambeba, namlaza kiti cha nyuma. Halafu nikawaza, gari la watu hili. Sina ruhusa nalo. Nitasema nini? Nikawa nawaza hivyo. Nilipomaliza kuwaza macho yake yalikuwa hayatazami tena."

"Daktari anasema angepona."

"Usiniambie hilo."

"Nimekuambia."

Walikuwa wamefika Kurasini. Demetria alisimamisha gari kando bila kuzima. Mbele yao, mahali palepale, mwanamke mwingine alikuwa amekwishaweka benchi na birika, na wapakiaji wamekaa wanakunywa. Sehemu nzuri ya biashara haikai tupu. Leodegar alifunika uso kwa mikono yake yenye oili, akalia bila sauti, mabega tu yakitikisika, na Demetria alitaka kumshika, akashindwa kujua angemshika kama nani.

Wazo lilimjia, na halikuja kwa unyenyekevu. Brightson aliona fundi akiwasha gari, basi. Khalfani hatasema, kusema ni kujifunga mwenyewe. Konstebo hakupewa ishara. Kesho Mbeya. Kila cheti chake, tangu cha darasa la saba, kilikuwa na alama ya kidole cha oili pembeni, kwa sababu Leodegar alikuwa hawezi kusubiri anawe kwanza ndipo asome jina la mdogo wake. Ingetosha tu kunyamaza. Albano alikuwa na maelezo yaleyale, na hakuna aliyemwamini.

"Mke wake anaitwa Tunu," alisema. "Anakaa kwenye benchi letu kila siku."

"Najua," Leodegar alisema. "Nilikuja kituoni mara mbili, kusema. Nikamkuta. Nikarudi."

Demetria alitoa simu. Akakosea namba, akarudia. "Mshike Khalfani," alimwambia konstebo. "Ndiyo. Nakuja na mwingine." Aliikata kabla hajaulizwa ni nani.

Alijua jinsi mambo yatakavyokuwa. Albano hatatoka leo wala Jumatatu, kutakuwa na barua na sahihi na mtu aliye likizo. Kesi atanyang'anywa, na ni haki. Mke wa Leodegar atampigia simu usiku. Rukaiya hatarudi. Hakuna mtu mmoja katika jambo lile zima ambaye angelala vizuri kwa sababu ya alichofanya. Aliingiza gia, akaendesha polepole, akiyapanda matuta mojamoja, na gari la kila siku liliwabeba bila kuwatikisa.

Kituoni, Tunu alikuwa kwenye benchi. Aliposikia ule mluzi aliinua kichwa, kwani aliujua. Alisimama, hotipoti kifuani, akalitazama gari la bluu likiingia getini, na akainama kidogo ili amwone anayeendesha. Alipoona ni mwanamke alibaki amesimama hivyohivyo.

Demetria aliegesha. Mkono ukaenda kwenye funguo.

"Bado," Leodegar alisema. "Liache kidogo. Lipoe."

Wakakaa. Injini iliunguruma palepale, taratibu, na wote wawili walitazama mbele, kwa mwanamke aliyesimama. Demetria hakumharakisha. Alikuwa kaka yake, na kile ndicho kitu cha mwisho alichoweza kumpa bila kukiandika.

"Sasa," Leodegar alisema.

Demetria alizima. Akapeleka kidole juu, nyuma ya plastiki, akazima na swichi. Kisha akashuka na kuzunguka upande wa pili ili amfungulie, kama inavyotakiwa kwa mtuhumiwa. Lakini Leodegar alikwishashika kitasa, na safari hii aliufungua mlango mwenyewe.